Shule Iliyoamriwa Kunyamaza

Obadiah Crenshaw alikuwa mwalimu kwa sababu ya mguu. Punda alimkanyaga akiwa na miaka kumi na mitano, mfupa ukaunga vibaya, na baba yake, mwenye ekari thelathini za mawe na watoto tisa wa kuzipalilia, akamtazama siku mbili akichechemea nyuma ya jembe, kisha akasema, "Huyu mpeni kitabu." Hivyo ndivyo elimu ilivyoingia katika ukoo wa Crenshaw. Wapo watu wa kwetu Sandy Fork watakaokuambia kwamba alisoma chuo kule Athens, mji wa wasomi wa jimbo letu la Georgia. Usiwasikilize. Athens alipita siku moja tu, juu ya gari la pamba, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mwaka 1856 alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulala penye mlango wake mwenyewe. Mwalimu wa shule zetu za mashambani alikaa kwa wazazi kwa zamu, wiki mbili kwa huyu, wiki mbili kwa yule, akila walichokula na kulala kitanda kimoja na watoto wao watatu. Aliijua mikoromo ya kaunti nzima. Alijua nyumba ipi inaficha nyama mgeni akiingia na nyumba ipi ina kunguni wa kuuma kabla ya taa kuzimwa. Wengine wanaona hilo ni jambo la kuchekesha. Yeye lilikuwa limemfika kooni. Hakutaka jumba. Alitaka chumba kimoja cha magogo chenye mlango ambao akiufunga, hakuna mtoto wa mtu atakayemwuliza asubuhi kwa nini anaongea usingizini.

Na safari hii alikuwa ameahidiwa. Wazee wa shule walikubaliana kwamba akimaliza muhula wa tatu mfululizo bila ugomvi, basi baada ya mavuno ya pamba watamjengea kibanda nyuma ya shule. Magogo yenyewe yalikuwa yameshakatwa, yamelazwa pembeni yakikauka. Obadiah aliyapitia kila asubuhi na kuyagusa, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

Sasa, ile ilikuwa shule ya kelele. Wasomi wa mjini wacheke wakitaka. Katika shule ya kelele kila mtoto husoma somo lake kwa sauti ya juu, wote kwa pamoja, huyu tahajia, huyu jiografia, huyu hesabu, kutwa nzima. Mwalimu anapita katikati ya mabenchi na fimbo yake, na kazi yote anaifanya kwa sikio. Obadiah aliweza kunasa herufi moja iliyokosewa ndani ya vinywa ishirini na sita, kama mpishi anavyojua chumvi kwa kuonja mara moja. Aliyeacha kusoma alijulikana hapo hapo. Isipokuwa mmoja tu, Wade Hix, kijana wa miaka kumi na miwili, mzuri wa sura kwa wenye macho, ambaye kwa akili zake mwenyewe aligundua kwamba ukichezesha midomo bila kutoa sauti unaweza kuimaliza siku ukiwaza samaki. Hata huyo naye alikamatwa mara kwa mara.

"Wade," Obadiah alimwambia, "mdomo wako unatembea lakini haujabeba kitu."

"Nina kidonda cha koo, Mwalimu."

Kidonda hicho kilidumu miaka mitatu, na viboko vyake vilikuwa vingi.

Wazazi waliipenda kelele ile. Mama aliyekuwa akichimba viazi nusu maili mbali aliisikia shule ikivuma kama mzinga wa nyuki, akajua mwanawe anaelimika. Nayo ilivuma hasa Julai na Agosti, pamba ikiwa imeshapaliliwa mara ya mwisho na watoto hawana kazi shambani, madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu ya joto.

Balaa lilipitia kwenye madirisha hayo.

Kanali Micajah Pruitt alikuwa na ardhi kuliko sisi wote tukijumlishwa, na watu arobaini na watatu waliokuwa mali yake kwa karatasi. Vita hakuwahi kuviona. Ukanali wake ulikuwa wa wanamgambo waliokusanyika mara mbili kwa mwaka kuandamana na kulewa. Lakini mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, magazeti yamejaa habari za Kansas na watu kupigana risasi kwa ajili ya utumwa, na kila kaunti ilikuwa imeunda Kamati ya Ulinzi ya kuwinda wachochezi wa kupinga utumwa kutoka majimbo ya Kaskazini. Kamati yetu aliiongoza Kanali. Tatizo lake lilikuwa moja. Ilikuwa Julai tayari na hakuwa amempata mchochezi hata mmoja.

Siku moja alipita barabarani, akasimamisha farasi chini ya dirisha la shule akaze mkanda wa tandiko. Kesho yake asubuhi alirudi na mwenzake wa kamati, Shemasi Eliphalet Yarborough, mwenye duka. Hakushuka kwenye farasi.

"Mwalimu, nani aliyekutuma uwafundishe watoto wangu mambo haya?"

"Mambo gani, Kanali?"

Kanali akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika aliyoyasikia dirishani. "Watumwa wa jimbo hili huondoka kwa makundi makubwa kwenda kaskazini, na hakuna awezaye kuwarudisha. Jambo hili limetufurahisha sana sisi wa nyumba hii."

Obadiah akavipitia vitabu kichwani kimoja kimoja. Kisha akacheka, na hapo ndipo alipoharibu.

"Hayo ni masomo matatu, Kanali. 'Watumwa wa jimbo hili' ni jiografia, na inaendelea, 'ni theluthi mbili ya idadi ya wakazi wengine.' Wanaoondoka kwa makundi ni ndege. Ni korongo. Na hao waliofurahi wanamwandikia barua mjomba wao, wanamshukuru kwa zawadi ya jibini."

"Jibini," Kanali alisema.

"Ndiyo, bwana. Mjomba ametuma jibini."

"Unanichezea."

Obadiah akaona njia ya kujitetea ni kumwonyesha. Akawasimamisha watoto watatu wenye masomo hayo, akawaambia wasome kama jana. Watoto walikuwa wameshaona farasi na bunduki ya Shemasi. Wakaogopa. Badala ya kusoma wote kwa pamoja, wakasoma kwa zamu, kwa adabu, kila mmoja akikomea alipoishiwa pumzi. Maneno yakatoka vilevile yalivyoandikwa kwenye karatasi ya Kanali, neno kwa neno.

"Nimesikia," alisema Kanali. "Sasa lete vitabu."

Walivikagua asubuhi nzima, juu ya meza ya mwalimu. Shemasi alivaa miwani yake akawa anasoma ukurasa wa kwanza tu wa kila kitabu, pale palipoandikwa mji kilikochapwa.

"Hiki cha Boston. Hiki cha New York. Philadelphia. Boston. Boston tena. Mwalimu, huoni haya? Vya kwetu Kusini viko wapi?"

"Havijaandikwa, Shemasi. Wakubwa walikutana mjini wakapitisha azimio kwamba viandikwe. Tunavisubiri."

"Na hiki?"

"Hicho ni Biblia."

Shemasi akafungua, akatazama chini ya ukurasa, akafunga taratibu. Hakusema imechapwa wapi. Akaiweka pembeni kama mtu aliyeshika kaa la moto mbele za wageni.

Kanali akatoa kisu, akaupata ukurasa wa watumwa kwenye jiografia.

"Nyuma yake kuna mito yote ya Georgia, Kanali," alisema Obadiah. "Ukiukata, watoto hawatajua mito yao."

"Mito wanaiona," Kanali alisema, akakata.

Kwenye lile somo la korongo alisita. Alilisoma mara mbili, akitafuta kosa la ndege, asilipate. Akaliacha. Kisha akatoa uamuzi. Tangu siku ile shule itasoma kimyakimya, kama shule za mjini. Macho kwenye kitabu, midomo imefungwa. Akisikia hata neno moja dirishani, mkataba umekwisha, na yale magogo atayatafutia kazi nyingine.

Wenzangu, mwalimu huyu hakuwa mpinga utumwa. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye utasikia vingine. Kwenye zamu zake alikaa kwa Kanali pia, akala chakula kilichopikwa na Tenah, mpishi wa pale, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, akalala kwenye shuka zilizofuliwa na Tenah, na asubuhi alisema asante. Watoto wa Kanali walimwita Shangazi Tenah. Mwalimu naye alimwita hivyo. Hakuwahi kuuliza ni shangazi wa namna gani anayeweza kuuzwa. Jambo hilo kwake lilikuwa kama hali ya hewa, halina wa kumlaumu. Yeye alikuwa anataka mlango.

Basi akainyamazisha shule. Na hapo akakamatwa na upande wa pili.

Mama Hix, mjane, mama yake Wade, alitembea maili mbili kuja kusimama mlangoni akiwa na mikono kiunoni. "Mwalimu, nimepita barabarani sijasikia kitu. Nilidhani mmekufa humu ndani."

"Wanasoma, mama."

"Wanasoma wapi? Mimi naona watu wamekaa. Sikumtoa Wade shambani aje anyamaze. Kunyamaza ananyamaza nyumbani bure."

"Ni amri ya kamati."

"Basi kamati ije inichimbie viazi."

Wiki ile wazazi watano walisema hivyohivyo. Obadiah aliwaelewa. Yeye mwenyewe alikuwa amepofuka, maana macho yake ya ualimu yalikuwa masikio. Alipita katikati ya mabenchi bila kujua nani anasoma na nani anatazama nzi. Aliyenufaika alikuwa Wade peke yake, ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa mkosaji.

Lakini kuna jambo ambalo Kanali, kwa akili zake zote, hakulifikiria. Shule inayovuma haisikii kitu. Shule iliyonyamaza inasikia kila kitu.

Siku za kwanza walisikia kigogota akigonga mti. Kisha wakaanza kusikia baragumu la mnyapara kwenye shamba la Kanali, na wakajua kwamba likilia mara mbili kuna mtu wa kuchapwa. Jumanne moja walisikia kipigo. Umbali ulikuwa robo maili, sauti ikifika ndogo, kama mtu anayekung'uta mkeka, na baada ya kila pigo kulikuwa na sauti nyingine. Vichwa ishirini na sita viliinama juu ya vitabu. Hakuna aliyefungua ukurasa. Obadiah alisimama ubaoni akiwa ameshika chaki, akaona aibu asiyoweza kuieleza, akakasirika. Alimkasirikia Kanali, akawakasirikia watoto kwa kuwa na masikio, akajikasirikia kwa kuwa alikuwa anahesabu mapigo. Kumbe miaka yote sauti hizo zilikuwepo. Yeye alikuwa ameajiriwa kuzifunika, na asijue.

Na saa sita mchana walimsikia Lovey. Huyu alikuwa binti wa Tenah, wa miaka kumi na sita, aliyewaletea watoto wa Kanali chakula chao kwenye ndoo ndogo za bati: mkate wa mahindi, nyama ya nguruwe na mtindi. Alikuwa anafika mapema na kukaa chini ya dirisha, akiimba kwa pua bila maneno hadi kengele. Mwaka mzima alikuwa akiimba pale, na hakuna aliyewahi kumsikia. Sasa shule nzima ilimngoja. Hata wasio na ndoo walimngoja. Arminda, binti wa Kanali mwenye miaka tisa, alikuwa akitabasamu wimbo ukianza, maana Lovey ndiye aliyemlea.

Siku ya ishirini ya kimya, saa sita ilifika na wimbo haukuja.

Watoto wakatega masikio. Tumbo la mtu likanguruma, mtu akacheka, akanyamaza. Kisha kwa mbali, upande wa shamba la Kanali, ikasikika milio ya chuma, ya mwendo wa pamoja, kama hatamu za punda wengi. Haikuwa hatamu. Mchuuzi wa watu alikuwa anapitisha msafara wake, wanaume wamefungwa minyororo wawili wawili, wanawake nyuma, wengine juu ya gari lililowafuata. Misafara ilipita barabara ile kila mwaka. Lakini shule ilikuwa ikivuma.

Halafu ikaja sauti ya mwanamke. Ilikuwa ikiita jina moja tu.

Arminda akainua kichwa. "Mwalimu, huyo Shangazi Tenah."

"Soma."

"Anamwita Lovey. Kwa nini anamwita Lovey huko barabarani?"

"Soma, Arminda."

"Lovey anakwenda wapi?"

Watoto wote walikuwa wanamtazama sasa. Msafara ulikuwa umefika mbele ya shule, na sauti ya Tenah ilikuwa imekaribia, si kilio tena, ni maneno. Obadiah alihisi kwamba akisikia neno moja zaidi hataweza kuendelea kuwa mtu yuleyule aliyekuwa.

"Someni," akasema. "Wote. Kwa sauti."

Wakamtazama.

"Kwa sauti, nimesema. Chochote."

Ndugu zangu, watoto waliofungwa midomo siku ishirini si wa kuambiwa mara ya tatu. Shule ilipasuka. Walisoma tahajia na hesabu na jibini ya mjomba, wakasoma hadi mishipa ya shingo ikatoka. Arminda alipanda juu ya benchi akapiga kelele somo lake la korongo huku machozi yakimtoka. Obadiah mwenyewe alisoma kuwashinda wote, jedwali la kuzidisha, akigonga meza kwa fimbo. Na katikati ya hayo Tenah alitokea dirishani. Alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili, akimtazama yeye, si mwingine. Midomo yake ilitembea. Alisema jambo, akalirudia. Obadiah aliona midomo, hakusikia kitu, na hakunyamazisha shule. Alisema saba mara nane hamsini na sita. Tenah akaondoka dirishani akakimbia.

Msafara ulipopotea kwenye kona, alishusha fimbo.

Kabla ya jua kuelemea magharibi, Kanali na Shemasi walikuwa mbele yake, na safari hii Kanali alishuka kwenye farasi.

"Uliwaamuru wapige kelele?"

"Niliwaamuru wasome."

"Siku ishirini wamekaa kimya. Mali yangu inapita barabarani, unawaamuru wapige kelele. Na binti yangu anasimama juu ya benchi, mbele ya mchuuzi, anasoma kwamba hakuna awezaye kuwarudisha. Mchuuzi ananiuliza hii ni shule au ni mkutano wa wapinzani."

"Kanali, nitakwambia ukweli wote. Nilitaka watoto wasisikie."

"Wasisikie nini?"

"Yule mama."

Kanali hakuwa mjinga, hilo lazima nimpe, ingawa roho inaniuma. "Nimeuza kilicho changu," akasema, "mchana, barabarani, kwa sheria ya jimbo hili. Kulikuwa na kitu gani hapo cha kufichwa watoto?"

Obadiah akafungua mdomo. Akisema kulikuwa na ubaya, basi ni mchochezi, na watu walishamwagiwa lami ya moto hadi ngozi ikachunika kwa maneno machache kuliko hayo. Akisema hakukuwa na ubaya, basi kelele ilikuwa ya nini? Mdomo wake ulitembea. Haukubeba kitu.

"Ondoka kwenye kaunti hii kabla ya giza," Kanali alisema.

Aliondoka na mfuko mmoja. Alipita kando ya magogo yake, hakuyagusa.

Alikwenda Ohio, jimbo la Kaskazini lisilo na utumwa, kwa binamu wa mama yake, na huko mkosi ukamgeukia kwa sura nyingine. Habari ilikuwa imemtangulia. Mwalimu wa Georgia, ilisemekana, aliona msafara wa watumwa ukipita, akawainua watoto wa mabwana wenyewe walie dhidi ya utumwa kwa sauti moja. Walimwalika kanisani azungumze. Akasimama akawaambia kweli: "Nilipiga kelele ili nisimsikie mama wa watu." Wakampigia makofi. Akaandika barua kwa mhariri wa gazeti kusahihisha. Mhariri akaichapa na kichwa cha habari: Unyenyekevu wa Shujaa. Mchungaji mmoja alimwambia, "Ndugu yangu, unajishusha mno." Obadiah alirudi chumbani kwake, chumba cha kupanga, kitanda cha pili akilala fundi viatu, akakaa akiuma ngumi. Kwao alifukuzwa kwa ushujaa ambao hakuufanya. Ugenini alisifiwa kwa huohuo. Hakukuwa na mtu hata mmoja kati ya pande mbili aliyekuwa tayari kumpa aibu yake ilivyo.

Lakini jambo lililomnyima usingizi halikuwa hilo. Ni ile midomo dirishani. Aliichezesha mbele ya kioo akijaribu kuisoma. Wakati mwingine aliona imesema Mungu atakuona. Wakati mwingine aliona ni tusi, akatamani liwe tusi.

Vita vya Kaskazini na Kusini vikaja, vikaisha, na utumwa ukaisha navyo. Mwaka 1866, akiwa na miaka hamsini na mmoja na mguu ukiwa mbaya zaidi, alirudi Sandy Fork. Shule ilikuwa imeungua. Nyuma yake kilisimama kibanda kidogo cha magogo, kimejengwa vizuri, chenye mlango wa mbao za msonobari. Aliyajua magogo. Walimjengea mwalimu aliyemfuata, kijana aliyekwenda vitani asirudi. Akagonga. Aliyefungua ni Tenah.

Alikuwa na mvi sasa. Alimtazama kichwa hadi mguu. "Mwalimu."

"Shan—" akaanza, akajikatiza. "Bibi Tenah."

"Sema ulichokuja kusema. Nina nguo za watu kwenye maji."

"Siku ile, dirishani. Uliniambia nini?"

Tenah alikausha mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nilikwambia wanyamazishe."

"Ni hayo tu?"

"Lovey alikuwa ananijibu. Alikuwa ananipigia kelele kutoka kwenye gari mahali anapopelekwa. Alisikia mchuuzi akisema. Nilisikia 'Mama, wananipeleka,' halafu nikasikia saba mara nane. Miaka kumi sasa. Nimewafikia watu wa Jeshi la Kaskazini, nimefika kwa maofisa, wanasema tutaandika gazetini, kauzwa wapi? Nawaambia niulizieni kwa Mwalimu Crenshaw."

Obadiah alikaa chini kwenye kisiki, hakuambiwa akae.

Kesho yake alianza kuzunguka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akichechemea, akiwatafuta wanafunzi wake ishirini na sita. Saba walikuwa makaburini Virginia, walikofia vitani. Waliobaki aliwauliza swali moja: Lovey alisema wapi? Arminda, mwanamke mzima sasa, alisimama kwenye baraza lililooza la baba yake. "Nilikuwa nasoma, Mwalimu. Uliniambia nisome." Wote walijibu hivyo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya elimu mwalimu alikuwa akiomba apate mtoto mmoja ambaye hakutii.

Siku ya nne, akipita kijito, alimkuta Wade Hix anavua samaki. Alikuwa amerudi vitani na vidole saba na sura ileile nzuri.

"Mwalimu, nasikia unauliza watu maswali."

"Wewe ulikuwa unasoma siku ile?"

Wade alitazama maji. "Nina kidonda cha koo," akasema.

Obadiah alichechemea hadi ukingoni, akamkaribia.

"Wetumpka," Wade alisema. "Kule Alabama. Alisema Wetumpka mara mbili, gari likipita chini ya dirisha langu. Halafu jina la mtu, Stall-nini, Stallings au Stallworth, gari likagonga jiwe, sikulipata lote."

"Miaka kumi, Wade. Mbona hukusema?"

"Nilidhani kila mtu kasikia. Na wewe hukuniuliza, Mwalimu. Ulikuwa ukinichapa tu kwa kunyamaza."

Wapo wanaouliza imekuwaje msimuliaji ayajue yote haya kwa undani namna hii. Wajiulize ni nani katika shule ile aliyekuwa na nafasi ya kusikia. Wala asijisifu sana huyo mtu, maana neno moja alikaa nalo miaka kumi kama ndoano mfukoni, na lingekuwa na faida kubwa zaidi lilipokuwa jipya.

Tenah alipoambiwa, hakulia. Aliingia ndani, akafunga mkate wa mahindi kwenye kitambaa, akavaa viatu vya kiume. Obadiah alikuwa ameshatoa kalamu.

"Nitaandika kwa ofisi ya walioachwa huru kule Alabama leo hii. Jibu litachukua wiki chache."

"Andika. Mimi nakwenda."

"Ni mbali. Niache niende nawe."

"Na mguu huo? Utanichelewesha." Alisimama kwenye mlango wa msonobari, akautazama, akamtazama yeye. "Jibu likija litaletwa hapa. Na Lovey, kama yuko hai na miguu anayo, njia anayoijua ni hii. Nikienda huku naye akaja huku tutapishana. Kwa hiyo wewe utakaa humu."

Miaka thelathini Obadiah aliutaka mlango ule.

"Lakini usiufunge," Tenah alisema. "Usiku wala mchana. Na usisome kwa sauti, na usikubali mtu apige kelele karibu na hapa. Ukae usikilize."

Akashika njia ya magharibi. Obadiah alikaa ndani ya kibanda chake mwenyewe, mlango wazi, mbu wakiingia, mbwa wa watu wakiingia, watoto wa majirani wakichungulia kumwuliza kwa nini anaongea usingizini. Aliwaomba wanyamaze.